“Ni Sensa Tu” Ni Sentensi Hatari Sana

Kuna sentensi ya maneno matatu ambayo sisi Wakenya tunaipenda sana: “Ni sensa tu.”

Umeitisha teksi kwa simu, umeketi nyuma, na taa ya injini inawaka njano pale kwa dashibodi. Unamuuliza dere, “Buda, na hiyo taa?” Anakujibu bila hata kugeuza shingo: “Hiyo huwa hivyo. Ni sensa tu.” Kuna wengine hubandika selotepu nyeusi juu ya taa ndio isiwasumbue macho usiku. Na kusema ukweli, mara nyingi dere huwa sawa. Sensa huharibika, waya hulegea, gari inafika Rongai, watu wanashuka, maisha yanaendelea.

Shida ni hiyo “mara nyingi.” Ndiyo inatuzoesha kupuuza. Sasa toa hiyo sentensi barabarani, uipandishe futi elfu kadhaa juu, ndani ya ndege ndogo yenye injini moja, na badala ya taa ya njano weka sindano ya presha ya oili ambayo imeanza kutetemeka. Huko hakuna kando ya barabara. Hakuna kupigia fundi simu akuje na pikipiki. Maoni yangu leo ni haya: “ni sensa tu” si jibu mpaka mtu aipime hiyo sensa, na hata akiipima akaipata mbovu, bado hajamaliza kazi.

Kwa wale wageni hapa: niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo, karo ikakataa. Siku hizi natengeneza video za mashini na jinsi zinavyofanya kazi. Kazo yangu ni mwanagenzi kwa hangari moja pale Wilson, Nairobi, na nimeruhusiwa kuingia mara kadhaa na simu yangu, mradi nisiguse kitu na nisionyeshe namba ya ndege ya mtu. Kwa hivyo haya si maneno ya injinia. Ni ya mtu aliyesimama kando akaangalia wanaojua kazi wakifanya kazi.

Tuanze na presha yenyewe. Chukua Cessna 172, ile ndege ya viti vinne yenye mabawa juu ya kichwa, ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanzia. Modeli ya 172S ina injini ya Lycoming IO-360, silinda nne, inayopozwa na hewa. Ndani yake kuna vyuma vinavyozunguka karibu sana na vyuma vingine, na kitu pekee kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa oili. Oili ikikosa kufika, vyuma vinasuguana, vinapata moto, vinashikana, na propela inasimama ukiiangalia.

Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha inatokea juu oili hiyo inabanwa ikipita mahali pembamba. Ni kama mpira wa maji wa kuoshea gari: ukiziba mdomo na kidole, maji yanaruka kwa nguvu, ukitoa kidole, yanamwagika tu. Ndiyo maana presha ikishuka sababu zinaweza kuwa nyingi. Oili imepungua. Oili imekuwa nyepesi kwa joto. Njia ya kunyonya imeziba. Pampu imechoka. Ama zile nafasi kati ya vyuma zimepanuka kwa uzee, kidole kimetoka kwa mpira.

Halafu kuna valvu ya kuzuia presha isizidi. Ni kitu rahisi ajabu: kigololi cha chuma, nyuma yake springi. Presha ikipanda sana, inasukuma kigololi, kinainuka, oili ya ziada inarudi chini. Presha ikitulia, springi inakirudisha kwa kiti chake. Shikeni hicho kigololi akilini.

Kwa 172S, eneo la kijani kwenye geji ni PSI 50 hadi 90. Mstari mwekundu wa chini uko 20, wa juu uko 115. PSI ni kipimo kile kile cha petroli stesheni ukijaza upepo. Tairi ya gari ndogo huwa karibu 30. Na kuna kanuni moja ambayo haina mjadala: ukiwasha injini, na hakuna baridi kali, presha isipoonekana ndani ya sekunde 30, zima. Usikae hapo ukiigonga geji na kidole.

Sasa, geji inadanganya vipi? Inategemea ni ya kizazi gani.

Kwa Cessna nyingi za zamani, kuna mrija mwembamba unaotoa oili yenyewe kwa injini, unapita kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na rubani, hadi nyuma ya geji. Ndani ya geji kuna kimrija kilichokunjwa. Unakumbuka kile kitu cha birthday unapuliza kinajikunjua puu! usoni mwa mwenzako? Ndio huo ujanja. Presha ikiingia, kimrija kinataka kujinyoosha, na kule kujinyoosha ndiko kunasukuma sindano. Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya kitu hicho mwaka 1849, na mpaka leo bado kinafanya kazi. Lakini kule upande wa injini, mrija huo huanzia kwenye tundu dogo sana, lililowekwa makusudi ili mrija ukipasuka oili isimwagike yote mara moja. Tundu hilo likishika uchafu, sindano inakuwa mzembe. Injini inasema kitu sasa, geji inakuambia baadaye.

Kwa zile mpya kama 172S, oili haifiki kwa dashibodi. Kuna sensa upande wa injini inayogeuza presha kuwa umeme, na waya unapeleka habari kwa geji. Hapo uongo ni wa aina nyingine: kiunganishi kimeshika kutu, waya umechubuka kwa kutetemeka, sensa imechoka na joto, ama waya wa athi, ule unaofungwa kwa chuma kurudisha umeme, umelegea.

Sasa stori. Ndege ya aina hiyo ilirudi kutoka mazoezi na malalamiko ya rubani: presha inacheza kati ya 45 na 65, inatulia, inacheza tena. Joto la oili liko kawaida. Injini inasikika vizuri.

Mwenye ndege akapiga simu, na kazo akaweka spika: “Hiyo ni sensa tu. Wekeni mpya, Ijumaa kuna wanafunzi.” Na si ati alikuwa mtu mbaya. Ndege ikikaa chini haiingizi hata shilingi, na hawa wanafunzi walikuwa wameshalipa. Kazo naye alikuwa tayari ameanza kutafuta sensa kwa stoo. Kila dalili ilikuwa upande wao. Presha ikishuka kweli, kwa kawaida ungetarajia joto lianze kupanda. Halikupanda.

Injinia mwenye leseni, yule ambaye sahihi yake ndiyo inarudisha ndege angani, ni mama wa makamo tunayemwita Madam. Akamuuliza kazo kwa upole, “Kijana wangu, umeipima?” Kazo akanyamaza. “Basi bado hujui.”

Alianza na vitu ambavyo havihitaji hata spana. Alitoa dipstiki: oili iko ya kutosha, juu kabisa ya kile kiwango cha chini cha karibu lita 4.7. Aliinusa, akaisugua kati ya vidole. Alifungua kitabu cha ndege kuangalia oili ilibadilishwa lini na ni aina gani iliwekwa, juu oili nyepesi kuliko inayotakiwa itakupa presha ya chini bila kitu chochote kuharibika. Alimuliza tochi kila mahali kutafuta unyevu wa oili inayovuja. Dakika ishirini, hakuna shilingi imetumika.

Halafu akafanya kitu ambacho nilirudia kukitazama kwa simu usiku mzima. Ndege ilisukumwa nje, injini ikawashwa, ikaachwa kwa mizunguko ile ile bila kubadilisha chochote. Akawasha taa ya kutua. Sindano ya presha ikaruka. Akazima taa. Sindano ikarudi. Akawasha joto la ule mrija wa kupima kasi ya hewa, kitu kinachokula umeme mwingi. Sindano ikaruka tena.

Fikiria hapo kidogo. Pampu ya oili inazungushwa na injini. Haijui kama taa imewashwa. Kama kuwasha taa kunabadilisha “presha,” basi kile unachokiangalia hakitoki kwa oili. Kinatoka kwa umeme. Nyuma ya dashibodi walipata waya wa athi umelegea, na chini ya pete yake kuna kutu nyeupe. Wakasafisha, wakakaza. Wakawasha tena. Taa ikawaka, sindano ikatulia kama imegundishwa.

Kazo alinikonyezea jicho. Yaani mwenye ndege alikuwa sawa! Haikuwa hata sensa, ilikuwa waya. Simu ikapigwa, na kule upande wa pili tukasikia mtu akicheka: “Si niliwaambia? Nileteeni ndege yangu.”

Madam akasema, “Bado.”

Hapa ndipo nataka tukae, juu hapa ndipo wengi wetu tungefunga kazi tukaenda kunywa chai. Yeye alikuwa anaiangalia ile sindano iliyotulia. Ilikuwa imetulia, ndiyo, lakini ilikuwa imetulia kwa 48. Chini ya kijani. Injini ikiwa na joto lake la kazi, mizunguko ya kutosha, 48. Yale mawimbi ya umeme yalikuwa yameificha, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia kutetemeka, hakuna aliyekuwa anaangalia inatetemekea wapi.

“Geji ni shahidi mmoja,” akasema. “Tumemkamata akidanganya mara moja. Sasa nataka shahidi wa pili.”

Shahidi wa pili ni geji ya majaribio, ya mkononi, iliyohakikiwa na yenye karatasi zake, inayofungwa moja kwa moja kwa njia ya oili ya injini. Haipiti kwa waya wa ndege, haijui sensa, haijui dashibodi. Injini ikawashwa tena. Geji ya majaribio: 48. Ya dashibodi: 48.

Hakuna aliyecheka. Geji ya ndege ilikuwa imeponywa, na neno la kwanza la ukweli iliyosema ni kwamba injini ina shida.

Kulikuwa na njia ya mkato, na kazo aliitaja kwa sauti ya chini. Kwa injini nyingi za Lycoming ile valvu ya kigololi inarekebishika. Ukiongeza mkazo wa springi, sindano inapanda. Robo saa na uko kijani. Madam alimwangalia vile mama anamwangalia mtoto aliyesema ataficha ripoti ya shule. Ukiongeza mkazo bila kujua kwa nini presha ilishuka, hujaponya injini. Umeifunza tu sindano kusimama pazuri.

Wakaifungua valvu. Springi ikatoka, kigololi kikatoka, na pale kwa kiti kulikuwa na punje ya kaboni ngumu, ndogo kuliko mbegu ya sukuma wiki. Hiyo punje ilikuwa inazuia kigololi kukaa sawasawa, na oili ilikuwa inapenya kando yake na kurudi chini kila sekunde injini ikiwaka. Hiyo tu.

Lakini hata hapo hakusema “hiyo tu.” Aliagiza filta itolewe na ikatwe. Waliivuta ile karatasi yake iliyokunjwakunjwa kama akodioni, wakaitandaza kwa meza, wakapitisha sumaku. Chembe za chuma kwenye filta ndizo zingemaanisha injini inajila yenyewe ndani, na hapo hadithi ingekuwa ya pesa nyingi na miezi mingi. Hakukuwa na chuma. Masizi ya kawaida tu. Valvu ikasafishwa, kiti kikakaguliwa, vitu vikarudi, injini ikawashwa. Geji zote mbili: 72. Akaandika kila hatua kwa kitabu, akaweka sahihi.

Ijumaa ndege haikuruka. Iliruka Jumatatu. Mwenye ndege alinung’unika, halafu akalipa.

Kuna mtu ataniambia hiyo ni bahati, na kwamba mara nyingi geji inayocheza ni geji mbovu tu. Sawa. Wacha nikuambie ya ndege kubwa.

Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 855, aina ya Lockheed L-1011 yenye injini tatu za jeti, iliondoka Miami kwenda Nassau, Bahamas. Ilikuwa na watu 172. Ikikaribia Nassau, presha ya oili ya injini ya katikati ikashuka. Marubani wakaizima, wakageuka kurudi Miami. Njiani, geji za zile injini zingine mbili nazo zikaporomoka. Marubani wakafikiria vile mimi na wewe tungefikiria: injini tatu kukosa oili kwa wakati mmoja? Haiwezekani. Lazima ni geji.

Haikuwa geji. Usiku uliotangulia, mafundi walikuwa wamebadilisha vile vizibo vyenye sumaku vinavyonasa chembe za chuma, kwa injini zote tatu, na vyote vikawekwa bila pete za mpira za kuzuia oili isivuje. Injini mbili zilizobaki zikazimika moja baada ya nyingine. Ndege ikateremka bila nguvu kutoka kama futi 13,000 hadi kama 4,000 juu ya bahari, kabla ya kufaulu kuiwasha ile ya kwanza waliyokuwa wameizima. Walitua Miami na injini hiyo moja iliyokuwa na kiu. Hakuna aliyekufa.

Hesabu yao ilikuwa nzuri kabisa kama injini tatu zinaharibika kila moja kivyake. Lakini zote tatu ziliguswa usiku mmoja, kwa njia moja. Geji tatu hazikuwa zinadanganya. Zilikuwa zinasema kitu kimoja, na kitu hicho hakikuaminika.

Msinielewe vibaya, sisemi kila sindano ikicheza watu waanze kupiga mayowe. Vitabu vya Cessna vyenyewe vinasema presha ikishuka na joto likibaki kawaida, inawezekana ni geji ama ile valvu. Lakini angalia ushauri unaofuata: tua kwenye uwanja wa karibu, halafu utafute sababu. Na presha ikipotea kabisa huku joto linapanda, punguza nguvu ya injini mara moja na uchague mahali pa kutua. Rubani haambiwi atatue fumbo huko juu. Mabishano ni ya chini, mahali ambapo injini ikisimama unashuka tu unaenda chai.

Lugha yetu tayari inaijua hii stori. Presha ni ya injini, na presha ni ya shosh. Shosh wangu akipimwa kwa duka la dawa mashini ikasoma juu sana, tunajua mashini hizo wakati mwingine hukosea. Hakuna mtu wa familia husema “ni mashini tu” halafu anamrudishia kiatu aende shamba. Unamwacha apumzike, unapima mkono ule mwingine, unatafuta mashini nyingine. Na mashini ya kwanza ikipatikana mbovu, hiyo haimaanishi shosh ni mzima. Inamaanisha bado hatujampima.

Kile kiliniuma pale hangarini ni vile kazo, ambaye anajua hivi vitu kuniliko, alikuwa karibu kubeba sensa mpya na kufunga kazi. Si kwa ujinga. Ni vile mwanagenzi hana nguvu ya kumwambia mwenye pesa “bado.” Madam alikuwa na leseni, na alikuwa na shingo ngumu. Wanafunzi wa Ijumaa, watu wa rika letu, wengine wamechangiwa na ukoo mzima ndio wasomee urubani, hawakujua hata kidogo kwamba usalama wao ulikuwa umening’inia kwa neno moja la silabi mbili.

Kwa hivyo wakati mwingine dere akikuambia hiyo taa ni sensa tu, usimkosee heshima. Muulize tu kwa upole: “Umeipima na nini?”